Mgeni wa Nyumba ya Sasamori

Katika basi zima la wazee, hakuna aliyejua kwamba Tokiko alizaliwa Yokoshiro. Alipojiandikisha kwa safari ile ya chama cha wastaafu wa mtaani kwao Kawasaki, alisema tu kwamba anataka kuuona mtaa wa masamurai kama wenzake, kabla theluji haijafunga njia. Aliyefurahi kuliko wote ni jirani yake Bi Wakae.

"Wewe mwanamke, miaka yote nakubembeleza twende hata kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto hapo karibu, unakataa. Leo unataka kwenda kaskazini ukagande! Umepata mchumba huko?"

"Nimepata," Tokiko akajibu. "Samurai."

"Basi mwulize kama ana kaka."

Walicheka, na Bi Wakae hakuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba mwezi wa tisa daktari alimwonyesha Tokiko picha ya ini lake, akazungumza sana, kwa upole mwingi. Alichookota Tokiko katika maneno yale yote ni kwamba asipange jambo lolote la kupita majira ya baridi. Hakulia. Alirudi nyumbani, akaanika nguo, akapika wali. Ila tangu siku ile alikuwa na swali moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: atawekwa wapi?

Mumewe Tamotsu alikwisha kufa. Ndugu zake walikuja wakachukua mifupa yake baada ya kuchomwa, wakaipeleka kwenye kaburi la ukoo wao, na Tokiko alipoulizia nafasi yake pembeni ya mumewe, wakamjibu kwenye simu kwa adabu kubwa kwamba kaburi limejaa. Kaburi la majivu halijai. Alielewa. Hawakumtaka akiwa hai, sembuse akiwa jivu. Mtoto hakujaliwa. Limebaki kaburi la kina Sasamori, nyuma ya hekalu, kilimani juu ya mtaa ule wa masamurai, ambako mama yake amelala pamoja na mababu wote waliobeba panga na wale waliokuja baadaye wakabeba kalamu. Ili awekwe humo, alihitaji neno la mtu mmoja tu: mdogo wake, Nobuhide. Mara ya mwisho kumwona, Tokiko alikuwa na miaka ishirini na nne.

Aliondoka asubuhi, mama yake akiwa anaosha mchele. Alimfuata Tamotsu, dereva wa lori la magogo, ambaye baba yake Tokiko, mwalimu mkuu wa shule ya mji, hakutaka hata asimame langoni. Miezi michache baadaye mama akaanguka kwa kiharusi, akawa mtu wa kitandani. Nobuhide ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha meli huko Yokohama. Sanduku alikwisha kulifunga. Akalifungua. Habari hizo Tokiko alizipata kwa rafiki waliyesoma naye. Hakurudi. Mwanzo alimwogopa baba. Baadaye aliona aibu. Baadaye tena, aibu ikawa kubwa kuliko baba mwenyewe, na hata mzee alipokufa, aibu ilibaki hai.

Basi liliwashusha mwanzo wa mtaa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya baridi yanayokaribia kuwa theluji. Barabara ilikuwa pana vilevile, na nyua za mbao nyeusi zimesimama kila upande vilevile, ila zimepakwa rangi upya. Miti ya maua ilikuwa mitupu, matawi yake yamefungwa kamba za nyasi ili theluji isiyavunje. Nyumba ya akina Kadowaki, ambako zamani kulikuwa na mbwa mkali, sasa ilikuwa duka la aiskrimu. Mwongozaji, binti mmoja aitwaye Honoka, alitangulia na kibendera chake cha njano, akawaambia wasijikwae kwenye mawe.

"Sasa tunaingia nyumba ya ukoo wa Sasamori," akasema. "Mlango huu wa mbele ulikuwa wa wageni wa heshima tu. Watu wa nyumbani, hasa wanawake na watoto, waliingilia ubavuni."

Tokiko akavua viatu pamoja na wenzake, akaingia kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Ndani kulikuwa safi kupita kiasi. Hakuna harufu ya moshi, hakuna harufu ya dawa ya baba ya kikohozi. Kila chumba kimezungushiwa kamba. Katika chumba alichougulia surua alikuta mwanasesere wa nta aliyevaa kimono, ameinamia sindano na kitambaa. Kibao kilisema mabinti wa nyumba hiyo walijifunza humo kazi za mikono na utulivu.

"Utulivu!" Bi Wakae akanong'ona. "Mimi ningekimbia siku ya kwanza."

"Mimi nilichelewa kidogo," Tokiko akasema, na Bi Wakae akacheka akidhani ni mzaha.

Ndipo wakasikia kelele uani. "Nani anaingia ngomeni kwangu bila kubisha? Adui au rafiki? Kama ni adui asubiri, nina foleni!"

Wazee wakacheka, wakakimbilia kwenye baraza la kuelekea bustani. Chini pale, juu ya changarawe, alisimama samurai. Alivaa deraya nyekundu na nyeusi, ya plastiki, imechubuka magotini, na kofia kubwa yenye pembe za dhahabu. Chini ya ile kofia kulikuwa na uso wa mzee mwenye mashavu yaliyoning'inia. Tokiko alitazama mashavu, akatazama masikio, yale masikio yaliyosimama kama vishikio vya chungu. Yalikuwa ya Nobuhide. Hakutegemea kumkuta hivi. Njiani kote alikuwa amejipangia namna atakavyogonga mlango wa ubavuni, na namna atakavyoinama.

"Bibi huyu," samurai akamwelekezea Bi Wakae upanga wake wa mbao, "nikimteka, nani atakuja kumkomboa?"

"Hakuna!" Bi Wakae akajibu. "Mume wangu atakuongezea na mchele, mradi nisirudi!"

Watu wakavunjika mbavu. Samurai akapiga magoti akaomba msamaha, akasema vita hiyo amekwisha kushindwa. Kisha wakaanza kupanga mstari wa kupiga picha, mmoja mmoja, Honoka akishika simu zao. Tokiko akarudi nyuma taratibu kuelekea ukutani, lakini Bi Wakae akamwona.

"Wewe njoo hapa! Si ulisema mchumba wako ni samurai? Huyo hapo, na hana wa kumzuia!" Akamsukuma mpaka chini kwenye changarawe.

Alisimama ubavuni pa mdogo wake. Alinusa harufu ya jasho na ya plastiki iliyolowa. Mkono wenye glavu ukamkalia begani, kama ulivyowakalia wengine wote, ukawa mwepesi, wa kazi. Halafu ukakaza. Ukakaza hadi ukamwumiza.

"Huyu mama," samurai akasema kwa sauti ileile ya mchezo, "naona ametoka mbali sana."

"Tabasamuni!" Honoka akasema.

Picha ikapigwa. Bila kugeuza kichwa, na bila ile sauti ya mchezo, akasema, "Nyuma, jikoni. Wakienda kula." Kisha akanguruma tena, "Anayefuata!"

Wenzake walipopelekwa kwenye mkahawa, Tokiko alidai tumbo linamsumbua, akabaki. Akazunguka ubavuni, akausukuma mlango wa mbao ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi. Ulikuwa mzito kama zamani. Jiko lilikuwa na sakafu ya udongo vilevile, lakini majiko ya kuni yalikuwa yamejazwa simenti, kwa kuwa moto ulikatazwa ndani ya nyumba nzima. Pembeni kulikuwa na chumba kimoja kidogo, kile cha mtumishi. Ndani mlikuwa na televisheni, birika la umeme, na meza fupi yenye hita chini ya blanketi. Nobuhide alikuwa ameketi hapo na deraya yake, kofia ameiweka sakafuni, anamwaga maji ya moto kwenye bakuli la karatasi lenye tambi.

"Karibu," akasema. "Miguu iweke chini ya blanketi. Kuna baridi."

Aliketi. Alikuwa na maneno tayari, ameyasema mbele ya kioo mara nyingi, na yote yalikuwa yamemtoka.

"Umenijuaje?" akauliza.

"Nilikujua ulipokuwa juu pale barazani. Unasimama kama mama. Mguu mmoja unaupumzisha." Akafunika bakuli kwa kifuniko chake. "Umezeeka, Dada."

"Na wewe umekuwa samurai."

"Ndiyo, hatimaye. Baba angefurahi." Akacheka kwa pua. "Nyumba niliikabidhi mji zamani. Paa peke yake lilitaka mtu tajiri. Wakaniacha nikae hiki chumba, mradi nivae hii takataka na kupiga kelele. Watoto wa shule wananipenda. Kuna mmoja aliniuliza kama nilikuwepo wakati wa vita vya zamani. Nikamwambia ndiyo, na tulishindwa."

Tokiko alitaka kucheka, akaona hana haki. Akasema, "Nobu, mimi kuhusu mama..."

"Usianze."

"Niache niseme. Sikujua itakuwa vile. Ningejua..."

"Ulijua. Yule rafiki yako alikuambia, mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma." Hakupaza sauti. Alivunja vijiti vyake vya kulia, akavisugua. "Ngoja nikueleze kitu kimoja, halafu tusizungumze tena. Baada ya kiharusi mama hakulijua jina la mtu. Akimwona baba, anamwita 'mwalimu'. Mimi alikuwa ananiita Tokiko. Nikimgeuza, 'Ahsante, Tokiko.' Nikimlisha, 'Tokiko, chumvi imezidi.' Nikimfuta mavi, 'Pole, Tokiko, mwanangu.' Miaka kumi na moja hiyo. Mwanzo nilikuwa namsahihisha. Baadaye nikaitika tu. Siku anakufa alinishika mkono akasema Tokiko ni mtoto mwema, hakunitupa."

Nje kulikuwa na sauti ya msichana wa duka la aiskrimu akiwaita wateja. Tokiko alifunika uso kwa viganja. Kilio kilikuja kikavu, bila machozi, kama kikohozi. Nobuhide alianza kula tambi zake, kwa haraka, kama mtu anayejua kengele itapigwa wakati wowote.

"Kulikuwa na yule binti wa Noshiro," Tokiko akasema, akiondoa viganja usoni. "Ulitaka kumwoa."

"Masae. Alikuja mara mbili, akamwona mama, akaona hili jumba, akaona na baba. Mara ya tatu hakuja. Simlaumu. Nani angekubali?" Akamwangalia kwa mara ya kwanza usoni. "Na yule wa lori? Alikufaa?"

"Alikuwa mtu mzuri. Amekufa."

"Basi angalau mmoja wetu alipata."

Maneno hayo hayakuwa na sumu, na kwa sababu hiyo yalimwingia zaidi. Tokiko akapiga moyo konde. Aliona asiposema sasa hatasema tena.

"Nobu, nataka kupanda kilimani. Kaburini kwa mama. Twende wote ukimaliza, nimwombe radhi. Na halafu nina ombi moja, ni dogo tu, juu ya kaburi hilo hilo..."

Nobuhide aliweka vijiti chini.

"Hakuna kaburi," akasema.

"Hakuna vipi?"

"Nililifunga. Mwaka juzi. Ukuta wa kilima ulikuwa unabomoka, mawe yameanza kuteleza. Mtawa mkuu wa hekalu akaniita, akaniuliza, 'Baada yako, Sasamori, nani atalitunza?' Ningemtaja nani? Sina mke, sina mtoto, na nilidhani sina dada. Akasoma dua, mafundi wakaja na mashine, wakalivunja jiwe, wakalibeba."

"Na mama? Mifupa ya mama?"

"Wameingizwa kwenye lile shimo la wote, chini ya sanamu, pale getini kwa hekalu. Wamemiminwa pamoja na wengine wasio na watu. Babu, baba, mama, na wa ukoo mwingine ambao sijui hata majina yao. Huwezi tena kusema hii ni ya nani. Hata ukitaka kuitoa, haitoki." Akaitazama mikono yake. "Nilimshika mama mwisho. Kile chombo chake kilikuwa chepesi, Dada. Kama hakina kitu."

Tokiko alibaki akiitazama meza.  Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza wapi, na yule rafiki yako alikwisha kuhama? Ulikuwa unakaa wapi? Niambie!" Sasa sauti ilipanda, plastiki ya deraya ikagongana. "Nilidhani umekufa! Tena wakati mwingine niliomba uwe umekufa, kwa sababu ungekuwa umekufa, ningekuwa na sababu ya kutokukuchukia. Umenielewa? Mtu aliyekufa ana sababu ya kutokuja."

"Nimekuelewa."

"Haya."

 Birika lilizimika lenyewe, likatoa mlio mdogo. Nobuhide akavuta pumzi, akajipangusa pua kwa mgongo wa glavu, akawa mtu mwingine, mpole, mchovu.

"Samahani. Nimekuwa nazungumza na watalii muda mrefu mno, nimesahau kuzungumza na watu. Ombi lako lilikuwa gani?"

Hapo ndipo Tokiko alipomtazama vizuri mdogo wake. Aliona shingo iliyosinyaa ndani ya kola ya deraya, na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Angemwambia juu ya ini, angempa mzigo mwingine wa kuugeuza kitandani. Angekuja Kawasaki na sanduku lake, angemhudumia, angefuta na kulisha tena. Alijua kwamba angekuja. Na mwisho wake asingekuwa na pa kumweka.

"Nilitaka kupanda ua tu," akasema. "Pembeni ya jiwe."

"Ua." Akatikisa kichwa. "Na umekuja kweli kwa ajili hiyo?"

"Nimekuja kutalii. Yule jirani yangu mwenye mdomo alinilazimisha."

"Yule! Yule ni hatari." Akatabasamu kidogo. "Basi umeiona nyumba kwa wakati wake. Baada ya msimu wa maua natoka. Chumba hiki wanakibomoa, wanaweka vyoo. Wageni wamelalamika, wanasema mtaa mzima vyoo havitoshi. Na samurai mpya atakuwa kijana mmoja wa maigizo, anajua kupiga sarakasi na upanga. Mimi nimepewa chumba kule juu, kwenye nyumba ya wazee. Wanasema kina dirisha."

"Njoo kwangu," neno lilimfika Tokiko ulimini, akalimeza. Akabaki ameshika ncha ya blanketi.

Kengele ikalia uani. Basi jingine lilikuwa limefika. Nobuhide akainuka kwa kushikilia meza, akaichukua kofia yake, akaivaa. Vidole vilihangaika na kamba za kidevuni, zikamponyoka, akazishika tena.

"Lete," Tokiko akasema.

Akamfunga. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yao. Ya kwanza alimfunga kofia ya shule, naye akalia kwamba anamnyonga. Safari hii aliinua kidevu akatulia kama mtoto mtiifu, macho yake mahali pengine.

"Miti ikichanua, njoo tena," akasema. "Mwezi wa nne. Kutakuwa na watu wengi, lakini nitakuona. Mara hiyo usije na basi. Namba ya simu ya nyumba ni ileile, haijabadilika tangu baba."

"Nitakuja."

"Usiseme kama hutaki."

"Nitakuja, Nobu."

Alimwangalia kitambo, kama anayepima. Kisha akatoka na upanga wake wa mbao, na Tokiko akasikia sauti yake huko nje: "Nani anaingia ngomeni kwangu bila kubisha?" Wageni wakashangilia.

Tokiko alikuwa na muda wa kufika hekaluni kabla basi halijaondoka. Alipanda ngazi polepole, akipumzika kila mara. Nyuma ya hekalu, pale palipokuwa na kaburi la Sasamori, palikuwa na changarawe mpya iliyosawazishwa vizuri, na kamba ya kuzuia watu wasiende kwenye ukuta uliobomoka. Akarudi getini kwenye ile sanamu. Chini yake palikuwa na mlango mdogo wa chuma, na maua ya plastiki ya mtu mwingine. Alitaka kusema "Mama", lakini aliona haya kuliita jina hilo mbele ya watu wengi wa humo ndani asiowajua. Aliinama tu, akashuka.

Ndani ya basi Bi Wakae alimpa kipande cha figili iliyokaushwa kwa moshi aliyoinunua. "Kula, uso umekuwa mweupe. Vipi, mchumba amekukataa?"

"Hapana," Tokiko akasema. "Alinikubali." Akageukia dirishani, na Bi Wakae akaona ni heri amwache alale.

Mara kadhaa majira yale ya baridi Tokiko aliinua simu. Namba aliikumbuka bila kuitafuta. Alibonyeza tarakimu, akafika karibu na mwisho, akairudisha. Alijiambia akipata nafuu kidogo atapiga, sauti isiwe ya mgonjwa. Nafuu haikuja. Alifia hospitalini mwezi wa pili, siku ya theluji nyepesi isiyogandamana.

Mtu wa ofisi ya kata alikuja kumwuliza Bi Wakae kama marehemu alikuwa na ndugu yeyote. Bi Wakae alifikiri sana, maana alimpenda, na akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hakuwa na mtu. Miaka yote hakuwahi kumsikia akitaja hata jina la mmoja. Yule mtu akamshukuru. Majivu yakapelekwa kwenye ghala la kata, yakawekwa rafuni miongoni mwa mengine yanayosubiri kudaiwa.

Mwezi wa nne miti ya Yokoshiro ilichanua, matawi yakainama hadi juu ya nyua nyeusi, na watu wakajaa barabarani hata pa kutembea pakakosekana. Nobuhide alisimama uani kila siku tangu asubuhi. Walioenda mwaka huo walisema samurai yule alikuwa hachekeshi kama walivyoambiwa. Alikuwa anawaangalia sana akina mama wazee, miguuni kwanza, kisha usoni, hata wengine wakaona vibaya. Siku ya mwisho, petali zikiwa zimeanza kuoza kwenye mifereji, Honoka alimkuta chumbani anapanga vitu vyake kwenye sanduku.

"Mzee, kulikuwa na mtu unamsubiri?"

"Dada yangu," akasema. Alikuwa anakunja blanketi, akalikunjua, akalikunja upya. "Lakini yule namjua tangu zamani. Atakuwa amekimbia tena."